Kamera Iliyokohoa

Boksi la kamera lilikaa siku mbili juu ya meza ya kukatia nguo bila kufunguliwa, kwa sababu aliyelileta alikuwa mlinzi, na mlinzi hapendi kuonekana akisoma maelekezo ya kamera. Kazini kwake, kwenye ghala la vipuri vya magari, alikuwa akikaa saa nane kila siku mbele ya kioo chenye picha kumi na mbili: lango, uzio, ofisi ya mizigo, vichochoro vya rafu. Kuzitazama alijua sana. Kuitundika hata moja hakuwahi, na hilo hakutaka mtu alijue, hasa mkewe.

"Yai hilo litaanguliwa lini?" mkewe akamuuliza siku ya tatu, akilisogeza boksi kwa kiwiko ili atandaze kitambaa.

"Nasubiri siku ya mapumziko. Kamera si kitu cha kurukia."

"Mwizi yeye hasubiri siku ya mapumziko."

Wiki iliyotangulia, mchana kweupe, wote watatu, wao wawili na mama wa mlinzi, walipokuwa kwenye mazishi ya jirani, mtu alikata wavu wa dirisha la sebuleni, akapitisha mkono, akafungua komeo, akaondoka na pasi, vitambaa vya wateja wawili na redio ya mama. Majirani walikuja kutoa pole, na pole zao zilikuwa na kachumbari. "Mganga hajigangi," walimwambia mlinzi. Alicheka nao kwa meno tu.

Mkewe hakucheka hata kwa meno. Alikuwa fundi wa nguo za kike, na sebule ile ndiyo iliyokuwa duka lake. Kwenye pembe moja kulikuwa na kioo kirefu na pazia lililoning'inizwa kwenye kamba karibu na dari. Wanawake waliwapita mafundi wenye maduka ya barabarani wakaja kwake kwa sababu moja: pale unavua, unapimwa, unavaa, unakunywa chai na kuondoka, na hakuna mwanamume anayeingia ovyo. Siri hiyo ya utulivu ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Ikivunjika, cherehani ni chuma tu.

Siku ya mapumziko ikafika. Mlinzi alipanda stuli, akafunga skrubu juu ya mlango wa chumbani, akashuka, akapanda tena kwa sababu kamera ilikuwa kichwa chini. Walitumia simu ya mkewe, yenye ufa kwenye kioo, kwani ya mlinzi ilikuwa ya vitufe, ya kupiga, kupokea na tochi. Kamera ikawasha taa nyekundu, ikawasha ya buluu, kisha sauti ya mwanamke ikasema maneno ya kigeni.

"Anasema nini huyo?" akauliza mama wa mlinzi kutoka kitini kwake karibu na dirisha. Alikuwa mzee mwenye miguu iliyochoka na masikio yasiyochoka.

"Anasema tusubiri, mama."

Hakujua alichosema. Wakasubiri. Baada ya majaribio manne picha ikatokea kwenye simu: sebule yao wenyewe, ndogo na ya ajabu, mama akiwa ameinua uso kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mlinzi akapitisha kidole kwenye kioo, na kule juu kamera ikageuza kichwa, krrr, kutoka mlangoni hadi dirishani. Hapo ndipo alipojisikia mwanamume.

"Isitazame pazia langu," mkewe akasema.

"Itatazama mlango na dirisha. Nimeiweka hivyo, na hivyo ndivyo itakavyokaa."

"Na sauti?"

"Inasikia huku, na mtu akitaka anaweza kusema kutoka kule. Nitakuwa nakuamkia nikiwa kazini."

Kule, maana yake simu ya lindo. Ghalani kulikuwa na simu moja kubwa ya kampuni, ya kupiga picha malori langoni. Aliye zamu ndiye aliyeishika, na zamu ilipobadilika saa nane mchana ilikabidhiwa pamoja na funguo, rungu na kitabu cha matukio. Aliyekuwa akipokea zamu kutoka kwake ni mzee waliyempa jina la Kifua, ndiye aliyemfundisha kazi miaka sita iliyopita. Mlinzi aliiweka kamera ya nyumbani kwenye simu ile, kwa namba ya mkewe na neno la siri lilelile waliloweka nyumbani, na kila alipomaliza zamu aliifunga. Alivyojua yeye kufunga ni kuipangusa picha kwa kidole mpaka itoweke. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuwa kurudishia mlango si kuufunga kwa ufunguo.

Juu ya picha palikuwa na alama ya jicho, na kando yake namba. Ukitazama peke yako, namba ilikuwa moja. Akitazama na mwingine, mbili. Asubuhi fundi alipofungua simu akaona mbili, alijua mumewe yuko kwenye kioo cha pili, akainua kikombe cha chai kumwonyesha. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa, na mchezo huo uliwapendeza kuliko walivyotaka kukiri.

Mama pekee hakuizoea kamera. Mara mbili alisema kitu kile kinageuka chenyewe mchana. Walimwambia ni macho yake, na kwamba dawa za presha zina mambo.

* * *

Siku ya kumi na moja, yapata saa tisa kasoro, fundi alikuwa nyuma ya pazia akimpima muuguzi wa zahanati. Muuguzi alikuwa amebaki na nguo ya ndani, mikono ameinua, anaeleza habari za daktari mmoja mvivu. Fundi alikuwa amepiga magoti akipima urefu wa sketi, pini tatu midomoni, futi shingoni. Mama alikuwa amesinzia kitini. Mlango ulikuwa na komeo.

Krrr, ikasikika juu.

Fundi akatega sikio. Krrr tena, fupi zaidi. Kisha sebuleni mwao mkakohoa mwanamume. Kilikuwa kikohozi kizito, chenye mkwaruzo mwishoni, kama cha mtu anayesafisha koo mlangoni kabla hajapiga hodi.

"Karibu, baba," akaitikia mama, akizinduka.

Hakuna aliyeingia.

Muuguzi alikuwa ameshajikumbatia kifuani. "Kumbe mumeo yupo," akanong'ona.

Fundi hakuweza kujibu kwa sababu ya pini. Alizitoa moja moja kwa pupa, ya tatu ikamchoma mdomo. "Hayupo. Bado hajarudi."

"Basi nani aliyekohoa?"

Fundi alitoka na mkasi mkononi. Komeo la mlango lilikuwa mahali pake. Alitazama chini ya meza, akaona aibu kutazama chini ya meza, akatazama na nyuma ya kabati. Ndipo alipoinua macho. Kamera haikuwa inatazama kati ya mlango na dirisha, kama ilivyowekwa. Ilikuwa imekaza shingo upande wa dirisha, juu ya kichwa cha mama, taa yake ya buluu ikiwaka.

Akaichukua simu, akaifungua. Jicho. Mbili.

Alimpigia mumewe. Alipokea mara moja, nyuma yake kukiwa na honi za magari.

"Unatutazama?"

"Sasa hivi? Niko kituoni, nangoja gari."

"Usinitanie, baba. Leo usinitanie."

"Nitawatazama kwa nini, kwa simu hii ya vitufe? Nimeshakabidhi zamu. Kuna nini?"

"Kuna mtu," akasema fundi, na akasikia sauti yake mwenyewe ikiwa nyembamba kama ya mtoto. "Kuna mtu humu, na hayumo."

Hakungoja jibu. Alichukua kipande cha bitana nyeusi, akapanda stuli, akaivika kamera na kuanza kuipiga pini. Pini ya pili ilikuwa haijaingia wakati kamera ilipojigeuza ndani ya kitambaa, krrr, kama panya ndani ya mfuko. Fundi akaung'oa waya ukutani, na stuli ikamtupa chini pamoja nao.

Muuguzi alikuwa ameshavaa. Vifungo vya blauzi vilikuwa vimekosana, kimoja juu, kimoja chini. Alikitazama kitu kile kilichofungwa kitambaa, kisha akamtazama fundi aliyekuwa akijiinua sakafuni, wala hakumpa mkono.

"Fundi, niambie. Hapa nimevua nguo mbele ya nani?"

"Sijui, dada."

"Hujui." Akakunja kitambaa chake ambacho kilikuwa bado hakijakatwa, akakitia kwapani. "Na mimi ndiye niliyekuwa nakusifia kwa watu."

* * *

Mlinzi alifika akihema. Alizunguka nyumba mara mbili na kipande cha bomba, akakuta nyumba tu. Aliporudi ndani, mkewe alikuwa ameketi sakafuni, amemwegemea mama miguuni, wote wawili wakiitazama kamera kana kwamba ingeweza kushuka.

"Ni yule yule mwizi," mlinzi akasema. "Wanajua mambo haya siku hizi. Anaingia kwenye kamera, anaona hakuna mtu, anakuja."

"Lakini tulikuwapo," akasema fundi. "Sote tulikuwapo. Sasa alikuwa anangoja nini?"

"Mimi nilisema kinageuka," akasema mama. "Mkaniambia ni macho."

Alistahili kuombwa radhi, lakini hofu ilikuwa imejaza nafasi yote.

Kamera ilikuwa na tabia ya kutunza kwenye simu, kwa siku moja tu, vipande vya picha kila kitu kilipotikisika. Fundi akakitafuta cha saa tisa kasoro. Wakainamia ule ufa wa kioo, vichwa vitatu.

Picha ilianza kwa mama amesinzia, kikombe mkononi. Ikatulia hapo kwa muda, kama mtu anayemtazama mtoto aliyelala. Kisha ikahama polepole kwenda dirishani. Ule wavu uliokatwa fundi alikuwa ameushona mwenyewe kwa uzi wa mikoba, na sasa waliona mshono ukikatika, tundu moja, tundu la pili. Mkono ukaingia, vidole vyake vikipapasa ukutani kulitafuta komeo. Kutoka kwenye vidole vile hadi kichwani kwa mama hapakuzidi urefu wa futi ya fundi. Picha ikaruka mbele, ikaukaribia mkono. Na hapo sauti ikakohoa. Mkono ukaganda. Ukachomoka kwa haraka, ukajikwangua kwenye waya, ukapotea.

Mama aligeuza kichwa kulitazama pazia la dirisha nyuma yake, ambalo fundi alilivuta kwa hofu muuguzi alipoondoka. Fundi aliruka, akalifunua. Uzi ulikuwa umekatwa kweli, na kwenye ncha ya waya palikuwa na damu kidogo iliyoanza kukauka. Mwizi alikuwa amewafikia wakiwa ndani, mchana, wakisikiliza hadithi za daktari mvivu, na aliyemfukuza ni mtu mwingine wasiyemjua ambaye naye alikuwa ndani.

"Sijui nimwogope yupi," akasema.

Mumewe alikuwa ameomba kipande kile kirudiwe, kisha akaomba tena, na mara ya tatu hakukitazama. Alifumba macho akasikiliza. Kikohozi kizito, mkwaruzo mwishoni. Miaka sita alikuwa akikisikia kikipanda ngazi za lindo kabla ya mwenyewe kutokeza. Na maneno yalimrudia, ya wiki yake ya kwanza kazini: "Mwizi ukimwona, usimkimbilie. Kohoa. Mwizi anamwogopa mtu aliye macho kuliko mtu mwenye rungu."

Akaiona akilini simu ya lindo, akaona kidole chake kikiipangusa picha, siku ya kwanza, ya pili, ya kumi.

"Unamjua," akasema mkewe.

"Simjui."

"Nimeolewa nawe miaka kumi na tisa. Unamjua."

"Nimesema simjui," akasema, akainuka kwenda kutafuta uzi wa kushonea wavu, ingawa alijua fika uzi mahali ulipo.

* * *

Kesho yake, alipopokea simu ya lindo asubuhi, aliibonyeza alama ya kamera. Haikumuuliza neno la siri wala jina. Ilifunguka moja kwa moja, kioo cheusi, kwa kuwa kule nyumbani waya ulikuwa bado umeng'olewa. Alikaa na simu ile mfukoni hadi saa nane. Malori yalipita, akayapiga picha kombo, hata msimamizi akamuuliza kama ana homa.

Kikohozi kikapanda ngazi. Kifua akatokeza, sare imepigwa pasi, kofia mkononi.

"Mzee," mlinzi akasema, "jana saa tisa ulikuwa unatazama nini?"

Kifua hakujifanya mgeni. Aliweka kofia mezani. "Dirisha lako. Mmezima kamera tangu jana. Niliogopa. Wote wazima?"

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu ulipoiacha wazi. Siku ya kwanza nilidhani ni kamera mpya ya ghala. Nikajiuliza, rafu gani hii yenye bibi kizee?" Alitaka kucheka, akaona uso wa mwenzake, akaacha. "Siku ya kwanza ningekwambia. Na siku ya pili. Ya tatu ilipofika, ningekwambia nimekaa nayo siku mbili natafuta nini? Nyumbani kwangu kuna kitanda na jiko, mwanangu. Zamu ya mchana haina malori. Nikawa naangalia watu wanavyoishi."

"Mke wangu anapima wanawake pale."

"Najua."

"Unajuaje?"

Kifua alizichukua funguo, akazihesabu, akazihesabu tena. "Wakija wageni nilikuwa naigeuza pembeni. Haki ya Mungu nilikuwa naigeuza." Akazitia funguo mfukoni. "Lakini mwambie shemeji aliongeze lile pazia. Fupi."

Mlinzi alisimama pale na maneno yale. Mtu anayegeuza pembeni hajui urefu wa pazia. Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika mkono, kwa sababu ya vidole vile vilivyokuwa nyuma ya kichwa cha mama yake. Na chini ya yote mawili kulikuwa na jambo la tatu, hofu ndogo ya aibu: akipaza sauti, msimamizi atauliza kamera ya nyumbani iliingiaje kwenye simu ya kampuni, na wote wawili watavua sare siku hiyo hiyo.

"Na mama," akasema Kifua kwa sauti ya chini, "juzi dawa yake ya mchana hakumeza. Aliitumbukiza kwenye kopo la maua."

"Iondoe," mlinzi akasema. "Iondoe humu mbele yangu."

"Iondoe mwenyewe, uone. Bonyeza, ushikilie. Usipanguse. Kupangusa hakuondoi kitu."

Basi mzee akamfundisha, kama alivyomfundisha kila kitu kingine, na alama ikatoweka. Kisha wakafungua kitabu cha matukio, maana zamu ni zamu. Mlinzi aliandika saa, akaandika maneno yale yale wanayoandika kila siku, *hali shwari*, na wote wawili wakatia saini.

* * *

Alimwambia mkewe akiwa amesimama, bado na sare, kwani aliona akiketi hatayamaliza. Alimweleza habari za simu ya lindo na za kupangusa, akamtaja Kifua, na kimya kilichomla mzee yule siku ya tatu. Fundi alisikiliza mkono ukiwa juu ya gurudumu la cherehani, amelizuia lisizunguke.

"Huyo mzee nimewahi kumtilia chai ghalani kwenu, siku ya sherehe."

"Ndiye."

"Akaniita shemeji."

"Mke wangu, ni mimi niliyekosea. Yeye alifukuza mwizi, lakini..."

"Lakini nini?"

Alilolificha ndilo lililobaki. Alitazama sakafu. "Anasema pazia uliongeze. Ni fupi."

Fundi aliinuka. Alivuta futi shingoni, akaenda penye pazia, akapiga magoti, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye pindo. Inchi kumi na nne. Alibaki amepiga magoti.

"Nguo wanaziangushia hapa," akasema. "Mtu akivua, inaanguka hapa. Alikuwa anaziona zinavyoanguka, moja baada ya nyingine."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema mama kutoka kitini. Kisha, baada ya kufikiri: "Lakini mtakapomwona, mwambieni mimi nimeshukuru. Mkono ulikuwa kwangu, si kwenu."

Fundi alifungua daftari la vipimo na kutafuta majina ya siku zile kumi na moja. Wanawake saba. Aliyaandika kwenye kipande cha karatasi ya kukatia.

"Unafanya nini?" mumewe akauliza, ingawa alishaona.

"Nakwenda kuwaambia."

"Ukisema, litafika kazini. Nitafukuzwa. Tutakula nini?"

"Na nisiposema?"

"Nani atajua?"

"Mimi. Kila nitakapomwambia mtu vua." Akakunja karatasi. "Nitasema kuna mtu aliingia kwenye kamera yetu kwa uzembe wetu. Jina sitataja. Hapo ndipo mwisho wa huruma yangu kwako na kwake."

Alikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, siku mbili nzima. Mmoja alicheka akasema mwili wake ulishazeeka, atakayeutazama ahurumiwe. Mwingine aliuliza kama kuna picha zilizotunzwa, na fundi akajibu kuwa mumewe aliikagua simu iliyotumika, hakuziona, lakini yeye mwenyewe hawezi kuapa. Huyo alilia mbele yake. Wa nne alifunga mlango kabla sentensi haijaisha. Muuguzi alikuwa wa mwisho, kwa kuwa ndiye fundi aliyemwogopa zaidi. Alifungua mlango nusu, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni nani?"

"Sitamtaja, dada."

"Basi unamlinda yeye," akasema muuguzi. "Mimi ulinipima tu."

* * *

Dirishani walitia nondo nne, zisizohitaji intaneti. Kamera ikarudi ndani ya boksi lake, bado imevaa bitana, boksi likapanda juu ya kabati. Pazia fundi alilishusha, akaliunganisha kipande cha bitana ile ile nyeusi, likawa linafagia sakafu. Zile skrubu mbili juu ya mlango zilikataa kutoka, zikabaki, na kila mwanamke aliyeingia aliziinulia macho kwanza ndipo akasalimia.

Wateja hawakuisha. Walibadilika. Walikuja na nguo zao za zamani mkononi, wakaziweka mezani wakiwa wamesimama. "Pima kwa hii, fundi." Naye alipima nguo zisizo na watu ndani yake, akashona, na nguo zikabana kwapani au zikapwaya kiunoni, kama nguo zinavyofanya zikipimwa kwa nguo. Walizichukua bila kulalamika. Hilo lilimuumiza kuliko lawama, kwa sababu alikuwa fundi mzuri na alijua anashona vibaya.

Ghalani, mlinzi na Kifua waliendelea kupokezana funguo, rungu na kitabu. Salamu za mama alizifikisha, siku moja, kwa maneno matatu. Kifua aliitikia kwa kichwa na kutazama uzio.

Mvua zilipoanza, mlinzi alipata mafua. Alasiri moja alirudi nyumbani amelowa, maji yakimchuruzika shingoni, na alipofika mlangoni kifua kikamkereketa. Akakohoa.

Ndani kitu cha chuma kilianguka sakafuni. Cherehani ikanyamaza. Akasikia pumzi ya mtu ikivutwa, nguo zikivutwa, na baada ya hapo kimya kabisa, kimya cha watu wanaosikiliza.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nani?" ikauliza sauti ya mkewe, nyembamba, ile ya siku ile ya simu.

"Mimi, mumeo. Nimerudi."

Hatua zikaja hadi mlangoni, lakini komeo halikuguswa. "Yuko muuguzi," mkewe akasema kwa sauti ya chini kupitia ubao. "Amekuja kupimwa. Mwenyewe. Piga hodi."

"Nyumbani kwangu?"

"Piga hodi, baba, kama watu wengine."

Alitaka kusema jambo, kuhusu mvua, kuhusu miaka kumi na tisa.

"Hodi," akasema.

Aliyejibu hakuwa mkewe. Ilikuwa sauti ya yule mwingine, kutoka nyuma ya pazia refu, na ilikuwa inatetemeka bado.

"Ngoja."

Akangoja, mgongo kwa mlango, mvua ikimpiga usoni. Kikohozi kingine kilikuwa kimeshapanda kooni. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akakibana hadi machozi yakamtoka, akaendelea kungoja.